Feni Iliyopuliza Mbele

Wanangu wa benchi la umeme, siku mliponiaga mlinipa daftari jipya na kalamu mbili, mkaniambia, "Mama Neema, tuandikie yote." Yote siyawezi. Nikiandika yote, nusu ya wateja wetu wa zamani watahama Arusha na nusu iliyobaki watanifuata nyumbani. Nitaandika habari za feni moja tu, kwa sababu hiyo ndiyo iliyonipa benchi mnalofanyia kazi leo, na ndiyo iliyonipa jina la Mama Feni ambalo mnalitumia mkidhani sisikii. Nasikia.

Habari za vyeo msizitafute humu. Katika gereji yetu ya Kimandolu vyeo vilikuwa viwili, mwenye spana na anayetafuta spana. Mishahara nayo tuiache. Ilikuwa ikija kimyakimya na kuondoka vivyo hivyo.

Nilifika Kimandolu katika ile miaka ya ruksa, wakati mipaka ilipofunguliwa na kila kitu kikaanza kuingia kutoka nje kikiwa kimeshatumika: magari, viatu, friji, mpaka vitanda vya hospitali. Karakana ya shirika la umma nilikokuwa nikisuka koili za mota ilifungwa, tukapewa barua na kushikana mikono. Watu wengi mjini waliamka asubuhi wakiwa wakurugenzi wa kampuni zao wenyewe. Mimi niliamka nikiwa natafuta kazi.

Siku ya kwanza Fundi Shabani, mtu wa Kondoa aliyekuwa mkubwa wa injini pale gereji, alinitazama kuanzia viatu hadi kilemba, akaniuliza nimemletea nani chakula. Nikamjibu nimejiletea mwenyewe, nami ni fundi umeme. Akasema, "Sawa," kwa sauti ambayo watu husemea "pole". Kisha akanionyesha benchi la Mzee Anaeli.

Mzee Anaeli alikuwa Mmeru wa Akheri, mfupi, mwenye upara na koti la kaki lisilovuliwa hata mwezi wa pili. Umeme wa magari alijifunza kwenye karakana za mashamba ya kahawa, enzi za malori ya Kiingereza. Sikio lake la kulia lilikuwa halisikii vizuri tangu betri ilipompasukia, na hilo ndilo alilowageuzia wateja wenye haraka. Taa yake ya kupimia aliitengeneza mwenyewe kwa balbu ya pikipiki, waya, na spoku ya baiskeli iliyochongwa ncha. Hakuna aliyeruhusiwa kuigusa. Kukaribia tu aliona umevuka mpaka.

Juu ya benchi lake palikuwa na ubao ulioandikwa kwa rangi nyeupe: NYEUSI NI MOTO. Nilikariri maneno hayo kabla sijajua choo kiko wapi. Maana yake ni hii. Malori yale ya Kiingereza upande wa chanya wa betri ulifungwa kwenye bodi, kwa hiyo waya uliopeleka moto wa umeme kwenye taa na honi ulikuwa wa hasi, yaani mweusi. Baadaye magari yakageuzwa, hasi ikaja kwenye bodi. Betri Mzee aliifunga sawasawa kama watu wote. Lakini akikutana na kifaa cha pembeni chenye nyaya mbili, mkono wake ulikwenda wenyewe, mweusi kwenye moto, wa rangi kwenye bodi.

Na kifaa kilifanya kazi. Taa haijali umeipa moto kutoka upande gani. Honi zile hazikujali. Hata mota za wakati ule, zenye koili ndani na koili nje, ukizigeuzia nyaya zinazunguka upande uleule. Basi miaka na miaka hakuna kilichoupinga ule ubao, na mimi ni nani niupinge?

Mwaka huo Mzee Anaeli alikuwa ametangaza kwamba msimu ukiisha anarudi Akheri kwenye migomba yake. Benchi litabaki na nani? Fundi Shabani alikuwa na shemeji yake Moshi, mwenye cheti chenye mihuri mitatu, na jina la huyo shemeji lilikuwa likitajwa kila siku wakati wa chai. Mwenye gereji alimwachia Mzee aamue. Mzee akasema atamwachia mtu atakayefanya kazi bila yeye kusimama nyuma yake. Mimi nililitaka lile benchi. Nililitaka mpaka nikawa naliota, nikilipangusa vumbi ndotoni na kuamka nimechoka.

Ndipo Bwana Kimaro akaja na gari lake.

Bwana Kimaro alikuwa Mchaga wa Machame aliyewahi kuuza viatu, kisha saruji, kisha akaja na kadi mfukoni iliyoandikwa Mkurugenzi Mtendaji wa kampuni ya kupeleka watalii mbugani. Kampuni ilikuwa na gari moja, na mkurugenzi ndiye aliyekuwa dereva. Gari lenyewe lilikuwa la Kijapani, refu, la dizeli, limetoka Dubai na mchanga wa huko ukiwa bado chini ya mazulia. Lilikuwa zuri kwa macho, ila kila lilipoona mlima lilichemsha.

"Jumamosi nina wageni," alituambia. "Mtu na mke wake. Wana ofisi huko kwao ya kutuma watalii. Nawapeleka mbugani Momela. Wakipenda, msimu mzima wananiletea watu. Likichemka mbele yao, aisee, narudi kwenye viatu."

Fundi Shabani alifungua boneti injini ikiwa ya moto, akaizima, akaishika feni na kuisukuma kwa kidole. Ikazunguka bila kipingamizi. Kwa wale mliozaliwa na feni za umeme, niwaeleze kwamba feni ile ya zamani huzungushwa na injini, lakini katikati ina klachi yenye mafuta mazito. Rejeta ikipata joto, mafuta yanashika na feni inavuta kwa nguvu. Ikipoa, yanaachia. Ile ya Bwana Kimaro mafuta yalishavuja, kwa hiyo haikushika kamwe. Ilizunguka kwa kujifurahisha.

Klachi mpya haikuwepo Arusha nzima, na kuiagiza Nairobi kungemaliza wiki tatu. Hapo nikasikia mtu akisema tufunge feni ya umeme. Nilipotazama, nikagundua ni mimi.

"Feni ya umeme ni ya sebuleni," akasema Fundi Shabani. "Mama Neema, hapa hatupozi wageni, tunapoza injini."

Mzee Anaeli akanigeuzia sikio la kushoto, lile zima. "Umewahi kuifunga?"

"Sijawahi, Mzee. Lakini nimeiona ndani ya magari madogo yanayoingia siku hizi. Inajiwasha rejeta ikipata joto."

Akachukua kikombe chake. "Aifunge," akamwambia Shabani. "Peke yake. Mimi nakwenda kunywa chai."

Nilipima rejeta kwa tepu ya cherehani na kuzunguka kwa wauza spea zilizotumika mpaka nikapata feni iliyotoka kwenye gari dogo, mota yake ikiwa imefungwa kabisa bila skrubu hata moja ya kuifungulia. Fundi Shabani, akiguna, aliitoa ile ya zamani. Kumbukeni jambo hili: ukiitoa, zile bolti nne za kwenye wotapampu zinabaki ndefu, usipoongeza washa, vile vibati vya duara, nati hazikazi, na puli itakukimbia barabarani. Feni yenyewe niliitundika kwa vipande vya chuma bapa kwenye fremu ya rejeta. Sikuifunga kwa kamba kupitia matundu ya rejeta kama wafanyavyo baadhi yenu. Majina ninayo.

Nikavuta waya mnene kutoka kwenye betri, nikaweka fyuzi karibu na betri, halafu relei ya kuiwashia feni, halafu swichi ya joto pale maji ya moto yanapoingilia. Kazi ilikuwa safi, nasema mwenyewe. Zikabaki nyaya mbili za feni, mmoja wa buluu na mmoja mweusi. Mkono wangu haukusimama hata kuuliza. Nyeusi ni moto.

Sasa mota ile haikuwa na koili za nje nilizozoea kuzisuka. Ilikuwa na sumaku zimegandishwa ndani ya ganda, na mota ya sumaku si kama honi. Ukiigeuzia nyaya, nayo inageuka. Hilo nilikuja kulijua baadaye, na nitawaambia nililijuaje.

Ilikuwa mwezi wa saba. Mnaijua Arusha ya mwezi wa saba, manyunyu tangu asubuhi, Meru haionekani siku ya nne, na watu wanatembea mikono ikiwa kwapani. Tuliliwasha gari tukasubiri lipate joto. Relei ikalia tak, feni ikaanza, na kupitia grili ukatoka upepo mzuri wa vuguvugu.

Tukasogea wote. Fundi Shabani alinyoosha viganja. Bwana Kimaro aligeuka, akaukinga upepo kwa mgongo, akafumba macho. Mzee Anaeli alikuja na kikombe chake, tukampisha akasimama katikati. Mimi nilisimama pembeni nikiwa na furaha ya kutosha kuendesha feni nyingine mbili.

"Hii ndiyo feni," akasema Fundi Shabani, na hilo lilikuwa neno lake la kwanza la sifa kwangu tangu nifike.

"Ina upepo wa heshima," akasema Bwana Kimaro bila kufumbua macho.

Tulikuwa watu wazima wanne, watatu kati yetu wakila kwa ufundi. Hakuna aliyejiuliza upepo wa rejeta unatafuta nini usoni kwetu. Gari likapelekwa mpaka mwisho wa mtaa na kurudishwa, mshale wa joto haukutikisika. Mzee akaitikia kwa kichwa mara moja, na mimi nikaenda nyumbani nikamwambia Neema kwamba mama yake ana benchi.

Bwana Kimaro alinitaka niende naye hiyo Jumamosi, lakini nisivae ovaroli. Nilivaa gauni la kwaya, na spana zangu nikazifunga kwenye kitenge. Wageni walipopanda akanitambulisha kuwa Mkurugenzi wa Ufundi. Bwana wao alikuwa mrefu mwenye kamera tatu shingoni. Mke wake alivaa kofia pana ya majani, na alikuwa amejifunza Kiswahili kidogo kwenye kitabu. Saa moja asubuhi akanisalimu, "Habari za mchana." Nikamwambia nzuri.

Tulipoingia kwenye lami kuelekea Usa River Bwana Kimaro akakanyaga mafuta, na mshale ukaanza kupanda. Nilishangaa. Gari linapokimbia, upepo wa barabarani peke yake unatosha kulipoza, hata feni isipofanya kazi.

"Mama Neema," akasema Bwana Kimaro akiwa anatabasamu kwa wageni kwenye kioo, "mshale unapanda."

"Nauona."

"Nitabasamu mpaka wapi?"

"Simama kidogo."

Akasimama karibu na shamba la kahawa, akawageukia wageni, akawaeleza habari za kahawa kuanzia mbegu mpaka kikombe. Sijui alizitoa wapi, maana familia yao ilishang'oa kahawa ikapanda nyanya. Alipofika kwenye kikombe, mshale ulikuwa umeshuka. Tukaondoka, akakanyaga mafuta, ukapanda tena. Akasimama, akawaonyesha mbuzi.

Hivyo ndivyo tulivyokwenda. Gari likikimbia lilipata homa, likisimama lilipona. Nilikuwa nimekaa nyuma na kitenge changu cha spana mapajani, nikiwaza swichi, nikiwaza maji, nikiwaza shemeji wa Shabani akishuka kwenye basi la Moshi na mihuri yake mitatu. Jasho lilinitoka na baridi yote ile. Bwana Kimaro alisimamisha gari kwenye kichuguu akawaeleza wageni habari za mchwa kwa dakika kumi nzima. Alisimama kwenye mti usio na kitu akasema tusubiri, na mbega weusi na weupe wakashuka kutoka juu wakapita mbele ya boneti. Alisimama pale mshale ulipopanda kuliko kote, twiga watano wakavuka barabara. Magari ya kampuni kubwa yalitupita kwa kasi, yakiturushia matope, wageni wao wakiwa wameshikilia kofia.

Yule mama akaegemea mbele, akamgusa Bwana Kimaro begani. "Wewe hapana haraka," akasema. "Ni vizuri sana."

"Ndiyo utaratibu wa kampuni yetu," akajibu Bwana Kimaro, akanitazama kwenye kioo kama mtu anayetafuta wa kumshitaki.

Momela tulisimama pale panaporuhusiwa kushuka, ziwa likiwa mbele yetu, heroe, wale ndege wa rangi ya waridi, wamejaa ukingoni. Injini hatukuthubutu kuizima. Baridi ilikuwa kali, na yule mama akiwa anasugua mikono alipita mbele ya gari, akasikia vuguvugu, akasogea kwenye grili jinsi tulivyosogea sisi. Akainama ili joto limfikie usoni. Kofia ikamtoka kichwani, ikaruka kwenda mbele, ikagonga majani, ikaruka tena, ikateremka kuelekea majini. Heroe wakainuka wote. Mume wake akapiga picha kwa kamera zote tatu. Kila mtu alicheka, isipokuwa mimi.

Niliyatazama majani. Yalikuwa yametulia, hakuna upepo. Nikachomoa kipande cha gazeti nilichofungia maandazi, nikakiweka kwenye grili. Feni inayovuta ingelinatisha gazeti hapo, hata ukiondoa mkono lingebaki. Likaruka. Nikaliokota, nikaliweka tena kwa ubishi tu. Likaruka, likamfikia Bwana Kimaro akalikanyaga. Nikatuona sote wanne Kimandolu, tumejipanga tunaota moto mbele ya kosa langu, na mzee wangu katikati.

"Bwana Kimaro," nikamwambia kwa sauti ya kanisani, "nimeiunga feni kinyume. Inasukuma upepo mbele badala ya kuuvuta nyuma. Gari likikimbia, upepo wa barabarani unaingia, huu wa feni unatoka, wanakutana kwenye rejeta na hakuna anayempisha mwenzake."

"Kuigeuza ni muda gani?"

"Dakika mbili. Ni nyaya mbili tu."

Aliwatazama wageni wake. Yule mama alikuwa akiwanyooshea heroe kidole mmojammoja, kana kwamba anawahesabu, kichwa wazi, ana furaha kama ya mtoto siku ya Krismasi. Bwana Kimaro akakunja lile gazeti akanirudishia.

"Usiiguse," akasema. "Bado hatujaona nyati."

Nyati tuliwaona, wengi, kwa kusimama mara sita. Kofia hatukuipata. Jioni wageni walimwambia Bwana Kimaro wamekwishazunguka na kampuni nyingi, na hawajawahi kuona mtu anayejua kusimama kama yeye. Watu wao wote watamletea yeye, kwa sharti kwamba mwendo uwe uleule.

Jumatatu nilifika gereji nikiwa nimepanga maneno yangu. Nikakuta magari mawili ya utalii yameegeshwa mbele ya benchi. Bwana Kimaro alikuwa ameshautangazia mji kwamba feni ile ni ya ajabu, na wenzake wawili wamekuja kutaka kama yake, ingawa feni zao za klachi zilikuwa nzima kabisa. Mzee Anaeli alikuwa ndani ya boneti la gari la kwanza. Alikuwa amefurahi mpaka amekunja mikono ya koti. Feni ameshaifunga, nyaya ameshaziunga, mweusi kwenye moto.

"Mama Neema," akaniita mbele ya watu wote, "njoo uone benchi lako."

Niliogopa. Sikuogopa kufukuzwa tu, niliogopa uso wake. Kitu nilichokitamani mwaka mzima alikuwa amenipa kwa maneno manne, na ningeweza kunyamaza. Bwana Kimaro asingesema. Mzee akienda chai ningezigeuza nyaya za gari lile na lile jingine, ubao ungebaki ukutani na amani ingebaki gerejini. Nilisimama pale nikilifikiria hilo muda mrefu kuliko ninavyopenda kukiri. Lakini kesho yake angefunga nyingine, na ya tatu ingemchemkia mtu asiyejua kusimulia habari za mchwa.

"Fundi Shabani," nikasema, "naomba gazeti lako."

"Sijamaliza kurasa za mpira."

"Naomba hizo ulizomaliza." Nikalichukua. "Mzee, naomba uliwashe gari mpaka feni ianze."

Feni ilipoanza nikaliweka gazeti kwenye grili. Likapaa, likampita Mzee, likatua kwenye kikombe cha Fundi Shabani.

"Feni ya rejeta inatakiwa ivute kutoka mbele," nikasema. "Mota hii ina sumaku, inajua waya upi ni upi. Ya Bwana Kimaro niliiunga hivihivi. Ilichemka njia nzima."

Nilimsubiri Fundi Shabani acheke. Hakucheka, alikuwa anatoa gazeti kwenye chai. Mzee Anaeli akanigeuzia sikio la kushoto.

"Rudia."

Nikarudia. Akautazama ubao wake, akaniacha nimesimama.

"Taa zote zile," akasema taratibu. "Na honi zote zile. Hakuna hata moja iliyowahi kuniambia."

Akakunjua mikono ya koti, akachukua kofia yake, akaondoka kwenda Akheri. Ilikuwa saa nne asubuhi na alikuwa hajanywa chai, jambo ambalo halijawahi kutokea.

Nilizigeuza nyaya za gari lile, la pili nikalifungia sawasawa, na la Bwana Kimaro likaja nikaligeuza. Kisha nikaenda nyuma ya rundo la matairi nikalia. Fundi Shabani alinikuta huko. Akasimama akichezea spana, akasema, "Na mimi nilisimama pale nikiota moto. Tena nikaisifu." Akaniletea chai. Jina la shemeji yake sikulisikia tena wiki ile.

Mzee Anaeli alirudi siku ya nne, mkungu wa ndizi begani na makopo mawili madogo ya rangi mkononi.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Nimekagua kila kitu nilichowahi kukiunga kule kwetu. Taa za watu, honi, mpaka kengele ya umeme ya usharika. Vyote vinafanya kazi." Akautua mkungu juu ya benchi. "Lakini ile kengele sasa siiamini."

Akapanda kwenye kigoda, akaupaka ubao rangi nyeupe wote, maneno yake yakazama. Rangi ilipokauka akanichagulia brashi, akachovya kwenye kopo la rangi nyeusi, akanipa.

"Andika wewe. Mkono wangu utaandika yaleyale."

"Niandike nini, Mzee?"

"Mimi nitajuaje? Benchi ni lako."

Nikaandika: WEKA GAZETI KWANZA. Mmekuwa mkiniuliza miaka yote maana ya ubao ule, nami nikiwajibu fanyeni kazi. Ndiyo hiyo. Alipokwisha kuusoma akachomoa ile taa ya spoku kutoka mfuko wa koti, akaiweka mbele yangu, akaenda kunywa chai ya siku nne.

Wiki mbili baadaye Bwana Kimaro alirudi akiwa amekunja uso.

"Gari halichemki," akasema.

"Ndiyo kazi ya feni."

"Wageni wanalalamika. Wameambiwa kwamba kampuni yangu inasimama. Sasa nikiona mshale uko chini, mguu unakanyaga wenyewe. Mama Neema, nirudishie lile kosa."

Nilimwonyesha ubao, nikakataa. Alibembeleza mpaka nikamfungia taa ndogo nyekundu karibu na usukani, isiyounganishwa na kitu chochote isipokuwa swichi iliyo chini ya kiti chake. Akitaka kusimama, anaiwasha kwa siri na kuwaambia wageni mashine inaomba kupumzika. Ilimsaidia sana. Msimu uliofuata alikuja kulalamika kwamba taa ile siku hizi inawaka mara nyingi mno, nimwangalizie injini.

Sasa niseme kuhusu siku mliyoniaga, maana mnadhani sikuelewa. Ulikuwa mwezi wa saba tena, na manyunyu yaleyale. Nilitoka kutoa vitu vyangu nikawakuta mmejipanga wote mbele ya gari, vikombe mkononi, mnaota moto kwenye grili. Mlikuwa mmezigeuza nyaya makusudi. Katikati mliacha nafasi. Sikumwona Mzee Anaeli pale, ni miaka mingi tangu tumzike Akheri, lakini mguu wangu ulijua nafasi ile ni ya nani, na nilisita kuikanyaga. Halafu nikasimama. Nikanyoosha viganja. Nilicheka mpaka machozi yakanitoka, na mengine hayakuwa ya kucheka.

Kisha nikaomba gazeti. Mkasema, "Mama, leo ni sherehe, tutaigeuza kesho." Nikawaambia sina kesho hapa. Nikasimama na ovaroli yangu, keki ikisubiri, mpaka mmoja wenu akainama akazirudisha zile nyaya mbili mahali pake. Nikaliweka gazeti kwenye grili, nikaondoa mkono.

Likanata. Ndipo nikavua ovaroli.